Kikanda cha Chokaa

Jambo lote lilitugharimu mbuzi wawili, sufuria moja ambayo mpaka leo hakuna mtu nyumbani anayekubali kula kilichopikwa ndani yake, makopo manne ya maziwa ya unga, na ulimi wangu kwa siku nne. Nimehesabu mara mbili. Sufuria ilikuwa kuukuu, ninaisamehe. Maziwa tuliyanywa sisi wenyewe, basi yalirudi nyumbani kwa njia nyingine. Mbuzi ndio wananiuma. Kuhusu ulimi, sikuwa nimewahi kuuwekea bei, na siku ile nilijua kwamba miaka yote nilikuwa ninautumia bure.

Mimi ninauza maharagwe na unga katika soko la Kikula. Mtu akinunua kwangu ninapima kopo mbele ya macho yake, ninaongeza konzi moja juu, ile tunayoiita matabisi, naye anaomba konzi ya pili, nami ninamuuliza kama ameota usiku kwamba mimi ni mama yake. Ndivyo tunavyoishi, na hatujakosana na mtu. Mume wangu alifariki zamani kidogo, akaniachia nyumba ya matofali ya kuchoma, watoto, na mdogo wake wa kiume, shemeji yangu, mtu mpole ambaye nikimpa ujumbe aupeleke anaufikisha akiwa ameupunguza.

Mwaka huu, mwezi wa tano, mvua ilipokuwa imekwisha, kijana mmoja fundi wa magari alituma neno kwamba watu wa kwao wanataka kuja kuongea habari ya binti yangu mkubwa. Binti yangu ni fundi wa nguo. Ni mtu wa maneno machache na wa kutunza kila kitu: vifungo, vipande vya kitambaa, mifuniko ya chupa. Kijana yule alikuwa amemngoja miaka, na yeye alikuwa amemngoja kijana. Jioni neno lilipofika alikaa karibu nami nikichagua mawe katika maharagwe, akasema bila kuniangalia:

"Mama, huyu hapana kumupandishia bei sana."

Nilimjibu kwamba mahari siyo yangu, ni ya ukoo, na ukoo una njaa. Alicheka. Lakini nilisikia kwamba alikuwa ameniomba kitu, na yeye haombi.

Kwetu wakwe wakija, nyumba inapakwa chokaa. Unaweza kuwa na paa linalovuja, lakini ukuta uwe mweupe. Nilinunua mfuko mzima, kwa sababu mfuko mzima una bei nzuri kuliko nusu mbili, nasi tukapaka ukuta wa mbele, wa pembeni, na hata choo, ili mkwe akienda kujisaidia asitudharau. Chokaa ilibaki. Binti yangu, kwa sababu mimi ndiye niliyemlea, hakuitupa. Aliifunga katika plastiki ndogo ndogo zenye fundo, zile zile ninazofungia chumvi na sukari za kuuzia watu wanaonunua ya siku moja. Chokaa kidogo kidogo inauzika vizuri, watu wanaimwaga chooni kuondoa harufu. Akaziweka katika kikapu kinachoning'inia nyuma ya mlango wa jikoni, mahali pakavu.

Ndani ya kikapu hicho kulikuwa pia na chumvi, na sukari, na ile soda nyeupe ya kulainishia maharagwe. Zote katika plastiki, zote na fundo. Hivyo ndivyo jikoni zetu zilivyo, hakuna anayeandika jina juu ya chumvi. Ukitaka kujua ni nini unafungua, unachovya kidole, unaonja. Tumeishi hivyo bila shida tangu nilipozaliwa.

Ijumaa alifika dada yangu mkubwa, yaya, kutoka Kapolowe, ambako analima. Alikuja na kuku wawili, mboga, na unga wa kikanda. Kwa asiyejua: kikanda ni viazi vidogo vya porini vinavyokaushwa na kutwangwa, halafu unga wake unapikwa pamoja na karanga zilizosagwa, pilipili na soda kidogo, mpaka vinashikana na kuwa kitu kizito cha kahawia kinachokatwa vipande kama keki. Bila soda hakishiki. Kikanda cha yaya kinajulikana. Watu wamekuja mazishini kwa ajili yake.

Sasa, yaya wangu ni mtu wa kanisa la maombi. Mimi ninakwenda misa, ninakaa saa moja, ninarudi. Yeye akitaka kitu kwa Mungu hafanyi mchezo, anafunga. Alipoingia nilimpa kiti na sahani, akasukuma sahani.

"Niko mu maombi ya siku tatu."

"Yaya, kesho kuko wageni. Utapika bila kuonja?"

"Mikono yangu inajua. Haina kazi na ulimi."

Jumamosi asubuhi nilikuwa nje ninapanga viti vya kuazima, nikivihesabu mbele ya jirani ili asije akasema kimoja kimepotea. Yaya alikuwa jikoni juu ya mbabula, jiko letu la makaa, anakoroga. Nikasikia sauti yake:

"Weye! Hii soda yako uliinunua wapi? Haitoki povu!"

"Ni soda tu, yaya!"

"Ilikufa! Ni ya bei ya chini, sivyo? Minye ninakujua!"

"Basi ongeza!"

Akaongeza. Plastiki nzima. Na kikanda kikashika, tena kikashika vizuri kuliko siku zote, hakuna aliyekuwa na sababu ya kuuliza zaidi.

Walifika saa sita, watu watano. Aliyekuwa mbele yao alikuwa mjomba wa kijana, mtu mfupi mwenye kofia, mchuuzi wa mbuzi anayewanunua vijijini upande wa Mulungwishi na kuwauza mjini. Alipoingia aliangalia ukuta, akaangalia viti, akaangalia viatu vyangu. Nilimtambua mara moja kwamba ni mtu wa kazi yangu. Pembeni yake alikuwa shangazi wa kijana, mwanamke mkubwa wa kikwembe, kitenge cha njano, na nyuma yao watatu waliokuja hasa kwa chakula.

Mama wa binti hasemi katika mazungumzo ya mahari. Anakaa nyuma. Anayesema ni upande wa baba, yaani shemeji yangu. Kwa hiyo tulikuwa tumepatana: mimi nyuma yake, nikikohoa mara moja, bado, nikikohoa mara mbili, asithubutu. Binti yangu alikuwa ndani chumbani, kama inavyotakiwa, haonekani na hali mbele ya wakwe.

Tulianza na mbuzi saba. Mjomba akasema watatu. Nikakohoa. Shemeji akasema ukoo wetu ni mkubwa. Mjomba akasema na mbuzi wake ni wakubwa. Nikakohoa mara mbili. Mjomba akainama pembeni aniangalie nyuma ya bega la shemeji.

"Mama iko na kifua? Shiye kwetu kuko dawa ya kikohozi."

"Ni vumbi tu, papa," nikasema.

"Hii vumbi inakuja kila mara tukigusa mbuzi."

Watu wakacheka, mimi pia. Nilikuwa na furaha, ninakiri. Ni mara chache mtu anapata mshindani wa namna ile. Tulipanda, tukashuka, wao wakafika wanne, sisi sita, na hapo mjomba akasema njaa imeingia katika hesabu, tule kwanza.

Yaya akaleta. Kuku, bukari, yaani ugali wetu, mboga, na katikati ya meza kikanda, kimekatwa vipande vinavyong'aa.

Kwetu mgeni hali kabla mwenyeji hajaonja. Hakuna anayesema kwamba ni kwa sababu ya sumu, tunasema ni heshima. Lakini kila mtu anaangalia koo lako likishuka. Nilichukua kipande cha kikanda mbele yao, nikatafuna. Mara kinywa kikaanza kuwaka. Nikasema moyoni, pilipili. Yaya hana kipimo cha pilipili. Nikameza. Moto ukafuata ukishuka. Niliinua macho, nikakuta mjomba ananitazama kama anavyomtazama mbuzi anayechechemea, akisubiri nikunje uso. Sikukunja. Nikatabasamu, nikachukua kipande cha pili. Hicho cha pili ndicho kilichotuokoa, lakini wakati huo nilijua tu kwamba kilikuwa kinauma.

Basi wakala. Na hapa lazima niwasifu, ni watu waliolelewa. Chakula cha wakwe hakitemwi. Niliona macho ya shangazi yakijaa maji, naye akasema, "Iko na nguvu." Mjomba alimeza, akatulia, akasema, "Njo kikanda ya Kapolowe hii. Tulisha kuisikia." Shemeji alikula kimya, anakula kila kitu kimya. Wote wakakimbilia kikombe cha munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, na kila aliyekunywa alimsifu mpishi.

Haukupita muda. Shangazi aliinuka ghafla, kikwembe mkononi, akaenda nyuma ya nyumba, tukamsikia. Akafuata mmoja wa wale watatu. Halafu shemeji. Mjomba alibaki amekaa, jasho linamtoka chini ya kofia, mkono juu ya tumbo. Mimi nilitaka kusema pole, ulimi ukawa kipande cha ubao.

Shangazi alirudi amejishika ukutani, kiganja chake kimekuwa cheupe. Akasimama mlangoni, akauliza kwa sauti ndogo, ile ya kuogopesha:

"Mupishi alikula?"

Mjomba akageuka kuutazama mlango wa jikoni.

"Muniambie. Mupishi alikula? Bibi harusi alikula?"

Sikuhitaji kuhesabu mara mbili. Wawili hawakula: aliyepika na anayeolewa. Kwa mtu wa nje ni bahati mbaya. Kwa watu wetu ni kesi. Nilijua habari hiyo ingeenda wapi, ingetoka uani kwangu, ipite sokoni, ifike kila meza kabla sijafika mimi: ile familia inawapa wakwe sumu. Binti yangu angezeeka na neno hilo mgongoni. Siyo kijana huyu tu ambaye angempoteza. Nani mwingine angetuma watu wake waje kula kwetu?

Yaya alitoka jikoni, akaona macho yote juu yake.

"Munafikiri minye?" Akasogea mezani, akachukua kipande kikubwa kuliko vyote. "Minye niko mu maombi siku ya tatu. Mungu atanisamehe. Nitakula sasa, mbele yenu, tukufe bote!"

"Mama mukubwa, acha!"

Ilikuwa sauti ya binti yangu. Alitoka na sufuria mkononi, mbele ya wakwe, bila kitambaa kichwani, jambo ambalo halifanyiki. Alikuwa ameingia jikoni kutafuta maji ya kuwapa wagonjwa, akaona mdomo wa sufuria, pale yaya alipomwagia ile soda yake. Mvuke ulikuwa umeilowesha ikachuruzika, na moto ukaikausha. Ilikuwa nyeupe, imegandamana, inapasuka ukiikwaruza. Aliinua sufuria, akaiweka karibu na ukuta wetu mpya. Weupe ni ule ule. Akatoa mfukoni plastiki tupu aliyoiokota jikoni, yenye fundo lililofunguliwa, akachovya kidole katika unga uliobaki kwenye pembe, akapaka mlango wa ubao. Mstari mweupe.

"Ni chokaa," akasema. "Ni ile nilifunga minye. Mama mukubwa alifikiri ni soda."

Yaya aliachia kipande kikaanguka. Nilitarajia wageni wapumue. Lakini mjomba, bado ameshika tumbo, akatikisa kichwa.

"Chokaa. Bon. Lakini chokaa haina miguu, mwanangu. Haitembei yenyewe kuingia mu sufuria. Ni muntu aliiweka. Sasa, alikosea ao alitaka? Hiyo mulango yako hainiambie."

Alikuwa na haki. Mimi mwenyewe ningeuliza hivyo.

Kituo cha afya kiko upande wa pili wa barabara, tulivuka kwa miguu, familia mbili zimeshikana mikono kama watoto wa shule, kila mmoja akimtegemea yule anayemshuku. Muuguzi alikuwa mwanamke wa sauti kubwa. Alitukuta mjomba anaingiza kidole kooni na shemeji anaomba mafuta ya mawese, maana kila mtu anajua kwamba sumu inatolewa kwa mafuta.

"Toa kidole!" muuguzi akapiga kelele. "Hakuna kujitapisha hapa! Ilisha kuunguza kushuka, munataka iunguze tena kupanda? Na mafuta muache ya mboga!"

Akatuketisha kwenye benchi mbili zinazotazamana, wao upande wao, sisi upande wetu, na beseni moja katikati. Tukasukutua kinywa, tukasukutua tena. Akasema tunywe maziwa kidogo kidogo, tusubiri mpaka jioni atuangalie. Aliuliza tulikula vipande vingapi, akamsikiliza binti yangu, akashika plastiki, akasema tuna bahati kwamba ni chokaa iliyozimwa na siyo kitu kikali kuliko hicho, na kwamba kuna nyumba ambazo zimemletea watoto waliokunywa mambo mengine katika chupa za juisi, na hao hawakuondoka kwa miguu.

Binti yangu alitumwa kununua maziwa. Nilitaka kumwambia anunue kopo moja, tulichanganye na maji mengi. Nilifungua kinywa, hakikutoka kitu. Alirudi na makopo manne.

Akachanganya, akaanza kuwapa wageni. Alipopiga magoti mbele ya mjomba na kikombe, mjomba hakukipokea. Alisema polepole, kwa sababu na ulimi wake ulikuwa umevimba:

"Tukitoka hapa tunaenda kwetu. Maneno ya ndoa iishie hapa. Siwezi kupeleka mutoto wetu ku nyumba sijue iko na nini."

Binti yangu hakulia. Alibaki kwenye magoti, kikombe mkononi, anaangalia maziwa. Halafu akakiinua, akanywa mpaka nusu, akafuta ukingo kwa upindo wa nguo yake, akamnyoshea mjomba tena. Mjomba alikuwa ameangalia koo lake likishuka. Akapokea. Akanywa. Lakini hakubadilisha neno.

Mimi nilikaa pale bila sauti, mtu ambaye ameuza maharagwe yaliyotobolewa na wadudu akiyaita ya mbegu, na sikuweza kusema hata "papa, tafadhali". Nilipiga mkono kifuani, nikaonyesha mdomo wangu, nikaonyesha vidole viwili. Vipande viwili. Nilikula viwili. Shangazi akafikiri ninaomba makopo mawili ya maziwa.

Mjomba ndiye aliyenielewa. Aliweka kikombe chini, akasimama akijishika ukuta, akaja akasimama mbele yangu.

"Mama, fungua kinywa."

Nikamtazama.

"Fungua. Minye ninanunua mbuzi miaka mingi, sinunue kwa maneno ya mwenye kuuza. Ninaangalia mu kinywa."

Nikafungua. Mbele ya familia mbili, mbele ya muuguzi, mbele ya mama mmoja aliyekuwa amemleta mtoto kwa sindano. Akawasha taa ya simu, akainama, akanishika kidevu kwa vidole viwili, akanigeuza kushoto, akanigeuza kulia, akasema "ulimi," nikautoa. Nina hakika kama ningekuwa na meno mabaya angenishusha bei. Halafu akaenda kwa shangazi. "Fungua." Akaangalia. Akaenda kwa wale watatu. Akaenda kwa shemeji, aliyekuwa amefungua tayari. Mwishoni akaomba muuguzi amulike kinywa chake mwenyewe na kumwambia.

"Ni nyekundu," muuguzi akasema. "Lakini ya huyu mama ilitoka malengelenge. Ya mama ni mubaya kupita yote."

Mjomba akarudi kwenye benchi yake. Akakaa. Akafikiri kama mtu anayefikiri juu ya fahali.

"Muntu ya sumu anajichunga," akasema. "Anagusa na meno, anatema mu kitambaa. Huyu aliungua kupita shiye bote. Alimeza, na aliongeza ya pili sababu ya haya. Minye nilimuona. Nilifikiri ni njaa."

"Na mupishi?" Shangazi hakuwa tayari kuachia. "Mupishi hakugusa hata kidogo."

Yaya alikuwa amesimama mlangoni muda wote, amejikunyata, yeye peke yake mwenye ulimi mzima na hakuthubutu kuutumia.

"Nilikuwa mu maombi, mama," akasema. "Sikuonja. Ningeonja tungekuwa tunakula kuku saa hii."

"Maombi ya nini?"

"Ya hii ndoa. Iende muzuri."

Shangazi akamtazama yaya. Halafu tumbo la shangazi likaanza kutikisika, na tukafikiri ni kutapika, muuguzi akakimbia na beseni, kumbe ni kicheko. Alicheka ameshika taya, "aii, inauma, aii, iende muzuri," na kicheko kikamwingia yule wa pembeni yake, kikavuka beseni kikaja upande wetu. Hakuna kitu kinachouma kama kucheka na kinywa kilichoungua. Tulicheka tukilia. Hata yule mtoto wa sindano alisahau sindano.

Mjomba alingoja kicheko kipite. Akafuta macho, akarekebisha kofia.

"Bon. Tulikuwa tulifika ku ngapi?"

Nilimwona anavyonitazama. Alijua kabisa kwamba sina sauti wala kikohozi. Ndivyo ninavyofanya mimi na mteja mwenye haraka, siwezi kumlaumu. Nikainua vidole sita. Yeye akainua vinne, akaviacha hewani, hana haraka. Shemeji, kwa mara ya kwanza maishani mwake, hakungoja ujumbe:

"Tuseme ine," akasema, wale wanne wa mjomba.

Nikamfinya mgongoni. Nikainua sita tena. Mjomba hakusogea. Kati ya benchi hizo mbili binti yangu alikuwa amechuchumaa anasuuza vikombe, na aligeuka akaangalia mkono wangu, siyo uso wangu, mkono. Nikavikunja vidole viwili. Kimoja kwanza, halafu, baada ya muda wa kutosha ili mjomba asifikiri ni rahisi, cha pili.

Walikaa nasi mpaka jioni, tukatoka kituoni wote kwa miguu yetu. Jumapili kijana mwenyewe alikuja na mfuko wa machungwa, asijue kwamba hakuna aliyeweza kula chungwa. Aliukarabati mlango wangu wa jikoni bila kuombwa, akapigilia rafu ya juu kwa ajili ya chokaa na vitu vya kufulia, mbali na chumvi. Kila kitu hapo sasa kimefungwa kwa plastiki nyeusi. Siku nne nilikaa sokoni bila kusema. Wateja walichukua bei niliyowaonyesha kwa vidole, na mauzo yalipanda kidogo. Sijamwambia mtu.

Mbuzi wanne wamefika, wazima, nimeangalia vinywa vyao. Ndoa ni mwezi wa nane. Mjomba akimpigia binti yangu simu anamwita "Chokaa yangu", na binti yangu anacheka, mtu ambaye zamani alikuwa hacheki kwenye simu. Ningeweza kuishia hapo nikiwa nimeridhika.

Lakini kwa desturi ya upande wa mama yangu, kabla ya ndoa wanawake wa kwa binti wanapika vyakula vyote vya kwao, wanavibeba kichwani mpaka kwa wakwe, wanafunua sufuria moja moja, na kumwonyesha mume: hiki ndicho utakachokula katika nyumba yako. Tumekwisha panga kuku, sombe ya majani ya muhogo, maharagwe, samaki, uyoga. Juzi shangazi wa kijana alituma ujumbe wa sauti. Nimeusikiliza mara mbili. Anasema, "Musisahau kikanda." Mwishoni kuna sauti ndogo. Binti yangu anasema ni kicheko. Mimi ninasikia kama anasafisha koo.

Nikikiacha, watasema tunajua tulichofanya, ndiyo maana tunakificha, na neno lile nililoliogopa litaamka tena, sasa ndani ya nyumba ambamo binti yangu atalala. Nikikipeleka, nitafunua sufuria mbele ya watu ishirini na hakuna atakayenyosha mkono, na binti yangu atabaki pale amepiga magoti pembeni ya chakula cha mama yake kisichoguswa. Yaya anasema tupeleke, ameapa ataonja kila hatua. Binti yangu anasema tuache. Shemeji anasema siku hiyo atakuwa anaumwa.

Basi wewe unayesoma, kama umewahi kupeleka chakula kwa wakwe baada ya kuwachoma ndimi, nishauri. Nikipeleke, au nikiache? Na nikikipeleka, nani achukue kipande cha kwanza: mimi, yaya, au mtoto mwenyewe? Ninaomba jibu kabla ya Jumamosi. Unga umekwisha fika kutoka Kapolowe, na yaya yuko uani anatwanga karanga.